Gereji ya Ipuli, Tabora, iliyonifufulia klachi ya mkonga: nyota nne

Nianze na jibu kwa wasiopenda kusoma sana. Kama una gari ya zamani yenye klachi ya mafuta, iwe Landkruza, Hilux, Land Rover 110 au Canter, na pedeli imeanza kuzama au gia zinakwaruza, basi kwa hapa Tabora mtafute yule fundi wa Ipuli kabla hujamruhusu mtu yeyote akushushie giaboksi. Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotelea wapi nitasema huko chini, maana na yeye ana mambo yake.

Gari yangu ni Landkruza pikapu HZJ75, hii mnayoita mkonga, injini 1HZ ile dizeli ya lita 4.2 silinda sita isiyo na tabo, ya miaka ya tisini. Kazi yake ni ndoo za asali na mizigo ya watu kutoka Sikonge na njia ya Kitunda, na msimu wa tumbaku ukifika ndo kabisa haina kulala. Ugonjwa ulianza kidogokidogo, asubuhi ukiwasha ukitaka rivasi inakwaruza krrrr mpaka jirani anachungulia dirishani, ukipampu pedeli mara tatu nne inaingia bila shida. Rivasi kwenye giaboksi nyingi za zamani haina sinkro, kile kifaa kinachosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwa hiyo yenyewe ndo huwa ya kwanza kukusemea klachi yako. Baadaye ikawa nikisimama mahali nimekanyaga klachi, gia ya kwanza ipo ndani, gari inaanza kutambaa yenyewe, pedeli inazama taratibu kama nimekanyaga andazi. Na kilichonichanganya ni kwamba mafuta ya klachi (breki fluidi) kwenye kikopo chake hayapungui, sioni tone chini ya gari, sioni unyevu popote.

Gereji ya kwanza niliyopita siitaji jina. Jamaa hakufungua hata boneti, akakaa kwenye siti akakanyaga pedeli mara moja akasema "bosi pleti imeisha hiyo, tushushe giaboksi, pleti, presha na beringi, tukimaliza unasahau". Akanitajia hela ambayo ningeweza kununulia pikipiki iliyotumika. Sasa wazee, hata kama sisi si mafundi, kuna vitu vya kujua. Pleti, ile sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, ikiisha klachi INATELEZA, unakanyaga mafuta injini inalia gari haiendi, mlimani unasikia harufu ya kuungua. Yangu ilikuwa kinyume chake kabisa, inashika vizuri tu ila HAIACHII. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na la pili mara nyingi chanzo chake ni mafuta na raba huko nje ambako unafika kwa spana mbili tu bila kugusa giaboksi. Nikamwambia nitarudi, sikurudi.

Huyu wa Ipuli nilielekezwa na dereva mmoja wa Canter. Hakuna kibao, ni uwanja wa mchanga chini ya miembe, kontena moja la kufungia vifaa, na magari mengi yaliyopaki hapo ni ya zamani kuliko vijana wanaoyatengeneza. Fundi mwenyewe mtu mzima, ukifika unamwamkia shikamoo anaitikia bila kuinua kichwa, halafu anakuacha kwanza. Usiudhike, ndo alivyo. Akimaliza alichoshika anakuja anauliza swali moja moja. "Asubuhi na mchana ipi mbaya?" "Ukipampu inapanda?" "Mafuta umeongeza lini?" Nilipomwambia sijaongeza na hayapungui akacheka kidogo, akasema basi yanazungukia ndani humo humo.

Na hapa ndo aliponishinda. Hakusema nunua kitu. Alimweka dogo wake kwenye siti akanyage pedeli na kuishikilia, yeye akaingia chini na rula, ile rula ya shule ya plastiki, akaiweka pale kwenye slevu, silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa nyumba ya klachi, akaniita nilale na mimi nione. Dogo akikanyaga, ile fimbo ya slevu inatoka kusukuma foku, ule mkono unaoachanisha klachi, sawa, lakini wakati mguu bado uko chini fimbo inaanza kurudi yenyewe milimita kwa milimita, unaiona kabisa kwenye rula. Klachi inajifunga huku dereva amekanyaga. Halafu akachukua koleo la kubana, akaibana hozi ya mpira inayoshuka kwenye slevu (alisema hozi yenyewe imezeeka ataitoa tu, vinginevyo asingeibana), dogo akakanyaga tena. Pedeli ikazama vilevile. Yaani chini kumefungwa, mafuta hayana pa kwenda, na bado inazama. Maana yake masta, ile silinda ya juu inayosukumwa na pedeli, ndo inapitisha, raba ya ndani haikabi tena, ukikanyaga mafuta yanapenya pembeni ya raba yanarudi kwenye kikopo. Ndo maana hayapungui. Kwa muda niliokaa nimelala kwenye mchanga nilielewa gari yangu kuliko miaka yote niliyoiendesha.

Masta ikatolewa, klipu ya duara ikang'olewa, springi ikasukuma pistoni nje yenyewe. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi ti, na alipoyapaka kidoleni akanionyesha chembe chembe, ndo raba yenyewe imesagika humo. Mdomo wa ile raba ukiugusa umekuwa mgumu na upande mmoja umelika, ule ncha mwembamba unaotakiwa kukandamizwa ukutani na presha haupo tena.

Dogo akataka kuosha silinda na petroli. Fundi alimfokea mpaka kuku wakakimbia. Akaeleza, na hili wengi hatulijui: raba za breki na klachi zimetengenezwa ziishi ndani ya breki fluidi, ukizigusisha petroli, dizeli, oili ya injini au haidroliki zinavimba, zinalegea, na tone dogo lililobaki ndani linatosha kuharibu raba mpya. Yeye anaosha kwa spiriti halafu anamalizia kwa fluidi mpya ile ile itakayotumika. Kuna watu huku mafuta ya klachi yakipungua njiani wanatia oili wafike nyumbani. Wanafika kweli, ila baada ya hapo raba zote kuanzia juu mpaka chini ni za kutupa.

Baada ya kuosha akamulika ndani na tochi ya simu. Ukuta wa masta ulikuwa safi, na alama hafifu tu, akapitisha msasa wa maji namba 1000 uliolowekwa kwenye fluidi, kwa kuzungusha, sio kwa kuvuta nje ndani, maana mkwaruzo wa urefu unageuka mfereji wa kuvujishia. Kidogo tu basi. Alisema silinda ya alumini ukiisugua kwa nguvu unapanua tundu na raba haitashika tena.

Kisha akafungua slevu, ambayo mimi nilidhani iko nzima kwa sababu haikuwa inavuja. Raba ya vumbi imepasuka, ndani tope la mchanga mwekundu limeganda, na ukutani, pale chini pistoni inapopumzika, kuna vishimo vya kutu unavisikia kwa ukucha. Hapo akagoma. Nilimbembeleza atie raba mpya tu kwa sababu kiti (seti) ya raba ni bei rahisi na nilikuwa na hela ya mawazo, akakataa kabisa, akasema "nikikutilia raba humu itavuja kabla mvua haijaisha, utakuja kusema fundi mwizi". Na kumbuka kutia raba ndo kazi ambayo angelipwa hapo hapo, slevu mpya nanunua kwingine yeye hapati kitu. Kwa nini kutu iko chini na sio juu? Breki fluidi inavuta unyevu wa hewani, hata kwenye kikopo kilichofungwa inavuta taratibu, na slevu ndo sehemu ya chini kabisa ya mfumo, uchafu na maji vinaishia huko, na hakuna anayebadilisha fluidi ya klachi. Breki watu wanakumbuka, klachi wanaongeza tu mpaka izime.

Vipuri sasa. Kiti ya masta nilipata hapa hapa mjini, Seiken ya Japani, elfu 22. Ndani kuna pistoni na raba zake, springi, raba ya vumbi, klipu mpya na kijipaketi cha grisi ya raba, na hiyo grisi msiitupe, ndo inayopakwa wakati wa kuingiza ili mdomo wa raba usikwaruzwe. Kabla ya kununua angalia mwili wa silinda, nyingi za kijapani zina namba ya kipimo imeandikwa kwenye chuma, 5/8 au 3/4 au 13/16, hizo ni inchi za tundu la ndani, nenda dukani na namba hiyo na ikiwezekana na raba yenyewe ya zamani mkononi, usiende na maneno "ya Landkruza" kwa sababu Landkruza ziko nyingi. Slevu niliagiza Dar, Aisin, ikaja na basi, elfu 95 pamoja na usafiri. Kuna duka walinipa nafuu, masta nzima kwa elfu 40, boksi jeupe lisilo na jina, fundi aliipokea akasukuma pistoni kwa bisibisi akanirudishia bila kusema, pistoni ilikuwa inakwama katikati ikiwa mpya dukani. Nikairudisha na hela yangu nikapewa baada ya maneno mengi.

Hozi pia ikabadilishwa, elfu 18. Hii mwanzoni niliona ananiongezea gharama lakini alipoikata akanionyesha tundu la ndani limevimba limebaki jembamba. Hozi ikiwa hivyo mafuta yanashuka kwa nguvu ya mguu lakini kurudi yanachelewa, klachi inakuwa haijajifunga vizuri, na hiyo sasa ndo inakuja kula pleti. Nati za mabomba alifungua na spana 10 ile yenye mdomo uliozunguka karibu nati nzima, na hilo peke yake linakuonyesha fundi, maana ukitumia spana ya kawaida kwenye nati ya bomba iliyokaa miaka thelathini unaivuruga kona na bomba zima unalitafuta upya.

Haya, kutoa upepo. Hapa ndo penye kazi na ndo wengi wanaposhindwa, wanabadilisha vipuri vyote vizuri halafu pedeli inabaki laini wanasema kiti feki. Fluidi haibanwi, upepo unabanwa. Ukibaki na povu moja tu la maana kwenye bomba, mguu wako unabana povu badala ya kusukuma foku.

Alianza na masta ikiwa bado haijarudi kwenye gari, akaibana kwenye vaisi, akaitia fluidi, akasukuma pistoni taratibu kwa bisibisi huku ameziba tundu la kutokea kwa kidole, anasukuma anaachia, mpaka mapovu yakaacha kupanda kwenye kikopo. Ndo akaifunga. Ukiifunga kavu utapampu mpaka mguu uume na upepo uko juu pale pale unacheza.

Kisha njia ya kawaida ya watu wawili. Mpira wa dripu wa duka la dawa, ule mwembamba unaoonekana ndani, upande mmoja kwenye nipo ya slevu (kile kichuchu cha kutolea upepo), mwingine ndani ya chupa yenye fluidi kidogo ili isivute hewa kurudi. Dogo juu anapampu, anashikilia chini, anasema "shikaa", fundi anafungua nipo robo mzunguko, fluidi na mapovu vinatoka, anafunga, ndo anasema "achia". Mpangilio huo haugeuzwi, mguu ukiachiwa nipo ikiwa wazi imevuta upepo mpya na mmeanza moja. Na kila baada ya kufungua mara chache kikopo kinaongezwa, kwa sababu kile kikopo ni kidogo, kikikauka kazi yote imekufa.

Mapovu yakaisha kwenye mpira lakini pedeli ikawa inashika karibu na sakafu. Mafundi wengi hapa ndo wanakwambia "itajiweka sawa ukitembea". Yeye akaenda kontena akaleta bomba la sindano kubwa lile la cc 60, akalijaza fluidi mpya, akalichomeka kwenye mpira wa nipo na kusukuma KUTOKA CHINI KWENDA JUU, polepole, huku mimi nimesimama naangalia kikopo (kwanza alikipunguza mafuta kisifurike). Upepo asili yake ni kupanda, na bomba la klachi linapita mahali lina kilima kabla ya kushuka, ukisukuma kutoka juu povu linakimbilia kwenye kilima linakaa, ukisukuma kutoka chini unalisindikiza linakotaka kwenda. Nikayaona, mapovu matatu makubwa yakapasuka juu ya kikopo, halafu madogo madogo, halafu kimya. Dogo akakanyaga, pedeli ikawa ngumu kuanzia juu. Hiyo ya bomba la sindano kwangu mimi peke yake inatosha kumpa nyota mbili.

Fluidi alitumia DOT 3, chupa ambayo haijafunguliwa. Nilikuwa na yangu nusu nyumbani akaikataa, ikishafunguliwa ikakaa imeshavuta maji. DOT 4 nayo inaingia bila tatizo na inastahimili joto zaidi, kuchemka kwake ikiwa mpya ni kuanzia nyuzi 230 wakati DOT 3 ni 205, ila kwenye klachi joto sio shida kubwa kama kwenye breki. Msichanganye na DOT 5, ile ni ya silikoni na haikai pamoja na hizi.

Jambo la mwisho ambalo nisingelijua ni lile la pedeli yenyewe. Baada ya kumaliza aliingiza kichwa chini ya dashibodi akalegeza nati ya fimbo inayosukuma masta, akaiweka iwe na uhuru kidogo kabla ya kugusa pistoni, kwa kipimo cha Toyota ni milimita 1 mpaka 5 ukipima juu ya pedeli. Mimi nilipenda pedeli ishike juu kabisa bila uhuru, naona ndo klachi kali, akasema hapana, pistoni isiporudi mpaka mwisho inaziba kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye kikopo, mafuta yakipata joto yakatanuka hayana pa kwenda, yanasukuma slevu kidogo kidogo, na klachi inakuwa kama imekanyagwa muda wote. Pleti inateleza, beringi inalia, halafu mtu analaumu vipuri. Nikaelewa kwa nini gari ya shemeji yangu imekula pleti mbili mfululizo.

Ufundi jumla alinitoza elfu 50, na mimi sikulia.

Sasa nyota iliyopotea. Kwanza muda. Ukiambiwa "jioni chukua" ujue ni jioni ya kesho, na simu hapokei akiwa chini ya gari, na yuko chini ya gari siku nzima. Risiti hakuna, kama gari ni ya ofisi au ya mradi na unahitaji karatasi hapo hupati. Pa kukaa ni tairi na jiwe. Pili, na hili liliniuma, yule dogo alimwaga breki fluidi kwenye matagadi ya ndani na hakumwagia maji hapo hapo, nilipokuja kuangalia rangi imeshatoka magamba pana kama kiganja. Breki fluidi inakula rangi, kila fundi anajua, ndoo ya maji ilitakiwa iwe pembeni tangu mwanzo. Fundi aliomba radhi na akanipunguzia elfu 5, rangi yenyewe nimeshapaka kwa brashi, sio ya Toyota lakini inazuia kutu. Kama gari yako umeipulizia rangi juzi mwambie mapema aweke matambara.

Tangu hapo msimu wote wa mvua umepita, Kitunda nimeenda na kurudi na tope la kufika kwenye hab, mizigo ile ile, na pedeli iko pale pale alipoiacha. Asubuhi rivasi inaingia kimya. Mafuta kwenye kikopo yamebaki na rangi yake ya asali, hayajaanza kuwa meusi. Kitu kimoja tu nasikia, pedeli imekuwa nzito kidogo kuliko zamani, nilimuuliza akasema huo uzito ndo wa presha pleti yenyewe, ile yenye springi inayobana pleti, zamani nilikuwa nakanyaga upepo.

Ukienda, nenda asubuhi kabla ya saa mbili, nunua fluidi yako mwenyewe iliyofungwa na mpira wa dripu, vyote viwili havifiki elfu 15, na usimpe kazi ya breki na klachi siku moja kama una safari. Ijumaa mchana hayupo. Ipuli ukiuliza bodaboda yeyote "fundi wa magari ya zamani pale miembeni" atakupeleka kwa buku.